Madiwani Wanne na Kura Moja ya Binti Yangu

Tangu nifike Johannesburg nimeishi chini ya madiwani wanne, na sijampigia kura hata mmoja. Karatasi yangu ni ya mkimbizi. Inaniruhusu kukaa, kufanya kazi, kupanga foleni hospitalini. Kupiga kura hainiruhusu. Hata kwetu Uvira, Kongo, sikuwahi kumchagua mkubwa wa mtaa. Aliteuliwa na watu wa juu, tukaambiwa jina lake, basi. Kwa hiyo mwanzoni uchaguzi wa diwani wa hapa niliutazama kama harusi ya jirani: kelele zao, nguo zao, ugomvi wao.

Diwani wa kwanza nilimjua kwa sura tu. Nilikuwa nakaa Jeppestown, ghorofa ya tatu ya jengo lililokuwa kiwanda cha viatu, familia kadhaa tukitenganishwa na mapazia. Picha yake ilining'inia kwenye kila nguzo ya taa, na mwezi mzima kabla ya uchaguzi maji yalitoka bila kukatika. Alipokwisha kushinda yakakatika tena. Picha ilibaki pale juu mpaka mvua ikaimaliza.

Wa pili alikuwa mwanamke, na wakati huo nilikuwa nimehamia Turffontein, upande wa kusini, mitaa miwili kutoka uwanja wa mbio za farasi. Huyo aliingia kila ua, hata zile tulizokaa wageni watupu, akauliza habari za mifereji na takataka, akaandika kwenye daftari lake. Aliposhindwa katika uchaguzi uliofuata niliumia, nikajishangaa mwenyewe kuumia kwa jambo ambalo sikuwa na mkono ndani yake. Wa tatu alikuwa bwana mmoja wa viatu vilivyochongoka, tuliyemwona mara mbili tu. Aliugua na kufariki kabla ya muda wake kwisha, kiti kikabaki wazi, ukaitishwa uchaguzi mdogo katika kata yetu peke yake. Huo ndio ninaotaka kuusimulia, kwa sababu katika huo nilifanya jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu nje ya ua wetu.

Ua wetu ulikuwa na nyumba kubwa mbele, ya mwenye nyumba, na vyumba vinne nyuma. Gereji ilikuwa karakana yangu ya kushonea. Mwenye nyumba alikuwa mjane wa miaka sabini na kitu, muuguzi mstaafu, mzaliwa wa hapa. Wapangaji wote tulimwita Gogo, kama wenyeji wanavyowaita bibi zao. Tuliongea naye kwa Kizulu changu kibovu kilichochanganywa na Kiingereza, naye hakuwahi kunicheka. Chumba kilichopakana na changu walikaa mume na mke Warundi waliouza mboga. Mimi nilikaa na binti yangu.

Binti yangu alikuwa ametimiza miaka kumi na minane mwaka ule. Baba yake alikuwa Mzulu, dereva wa malori, akafariki mtoto akiwa hajaanza shule. Hatukuwa tumefunga ndoa, kwa hiyo mtoto aliandikishwa kwa jina la ukoo wangu, ingawa jina la baba lipo kwenye cheti cha kuzaliwa. Ni raia kamili. Anaongea Kizulu kama baba yake na Kiingereza kama walimu wake; Kiswahili anakisikia chote lakini humwoni akikisema. Ila jina lake likisomwa kwa sauti, kila mtu anajua limetoka mbali.

Siku moja Gogo aliingia gereji na koti la buluu mkononi.

"Nipunguzie mabega," akasema. "Nimekonda tangu nilishone. Nataka kupiga picha."

"Picha ya nini, Gogo?"

"Ya kubandika kwenye nguzo."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaweka mkoba magotini, akanieleza kwamba amechoka kusubiri vyama vimletee mtu. "Nimewauguza watu wa mitaa hii miaka thelathini. Najua nani ana sukari, nani ana presha, nani anampiga mkewe. Kwa nini nisiwaombe kura?"

Alikuwa anagombea peke yake, bila chama, na mgombea wa namna hiyo hutakiwa kupeleka saini za wapiga kura walioandikishwa katika kata. Alikuwa na fomu ndani ya mkoba. Binti yangu alikuwa amekaa kwenye meza ya kukatia akipiga pasi mifuko ya sare za shule. Alikuwa amejiandikisha wiki chache kabla, pamoja na wanafunzi wenzake.

"Wewe umo kwenye daftari," Gogo akamwambia. "Utanitilia saini?"

Nilisema haraka, kwa Kiswahili, ili Gogo asielewe: "Usiweke jina lako hapo."

Binti yangu alinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake. "Mama, ni saini tu."

"Jina lako halifanani na majina mengine kwenye hiyo karatasi."

"Ndilo jina nililonalo. Wewe ndiye uliyenipa."

Akaiweka pasi wima, akatia saini. Mwandiko wake ni mkubwa, herufi zimekaa mbalimbali, mtu anaweza kuzisoma akiwa amesimama. Gogo aliniangalia, akaelewa zaidi ya nilivyotaka aelewe, akakunja fomu akairudisha mkobani.

Sikuwa mwoga wa bure. Jeppestown, binti yangu akiwa na miaka miwili, kundi la watu lilipita mtaani mchana kweupe na marungu, likivunja milango ya maduka. Walibisha kwenye vyumba na kusikiliza jinsi mtu anavyojibu. Nilikaa chini ya meza ya kukatia saa sita nzima, mtoto kifuani, kiganja changu mdomoni mwake, maana alikuwa ameanza kusema na maneno yake yote yalikuwa ya Kiswahili. Baada ya siku ile niliacha kumsemesha Kiswahili barabarani. Pengine ndiyo sababu hakisemi.

Wiki zilizofuata mabango yalipanda. Koti la buluu lilikaa vizuri. Gogo alionekana kama mtu anayekuja kukupima joto na kukugombeza. Kulikuwa na mgombea wa chama cha yule marehemu, na wa chama kingine kikubwa, na wengine wadogo. Halafu kulikuwa na bwana mmoja ambaye ahadi yake ilikuwa moja tu, kwamba akichaguliwa wageni watarudi makwao. Wafuasi wake walivaa fulana nyeusi. Jumapili walifanya mkutano kwenye uwanja wa watoto, na kipaza sauti chao kilifika mpaka ndani ya gereji. Nilizidisha mwendo wa cherehani ili nisisikie, lakini cherehani ina mahali pa kusimama, na kila niliposimamisha kugeuza kitambaa, sauti iliingia.

Kiongozi wao mtaani kwetu nilimfahamu. Alikuwa fundi wa friji, baba wa msichana wa darasa la sita. Sare za msichana huyo nilizishona mimi, mwaka wa tatu sasa.

Jumamosi moja saa sita mchana walikuja getini kwetu, kama watu kumi na watano. Gogo alitoka na ndara miguuni na taulo la jikoni begani.

"Nani wanakaa humu?" fundi wa friji akauliza.

"Wapangaji wangu."

"Tunataka kuona vitambulisho vyao."

"Wewe ni polisi?"

"Sisi ni jamii, Gogo."

"Na mimi nimekuwa nani? Mama yako alipovunjika nyonga, nani alikuja kumbadilisha bandeji?"

Wengine walicheka kidogo, naye akakunja uso. "Usituletee hayo. Tumesikia saini zako ni za makwerekwere, hawa wageni. Umewaingiza kwenye daftari ili wakupigie kura."

"Nenda ofisi ya uchaguzi ukaangalie. Kila jina lililopo pale ni la mpiga kura."

"Lipo jina moja nimelisikia," akasema, "na si la hapa."

Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa gereji, futi shingoni. Macho yake yakanifikia. Mmoja wa vijana wake alinyanyua simu akapiga picha ya mlango wangu, mimi nikiwa ndani ya picha. Kisha wakaondoka kuelekea ua wa jirani, na Gogo akafunga geti kwa kufuli. Alirudia mara tatu kuingiza ufunguo.

Jumatatu Warundi waliondoka. Walikuwa na ndugu Newtown, karibu na soko. Walibeba godoro, sufuria na mizani yao, na mke akaniambia, "Dada, njoo nasi. Uchaguzi ukipita mtarudi." Nilimwambia nina kazi ya watu, majoho kumi na sita ya kwaya ya kanisa la Wakongo, yanatakiwa Jumapili. Ilikuwa kweli. Lakini kweli nyingine ni kwamba binti yangu alikuwa amesema hatoki, na mimi nisingeweza kwenda kulala Newtown nikamwacha.

Jumanne, siku ya mwisho kabla ya kura, fundi wa friji alikuja peke yake. Hakuvaa fulana nyeusi. Alikuwa na sketi ya mtoto wake ndani ya mfuko wa plastiki.

"Amerefuka," akasema. "Unaweza kuteremsha pindo?"

Nilichukua sketi, nikaanza kufumua pindo mbele yake. Alikaa kwenye kiti cha wateja.

"Mama, mimi na wewe hatuna tatizo," akasema. "Wewe unafanya kazi, humsumbui mtu. Lakini mwambie binti yako kesho asiende pale shuleni kupiga kura. Jina lake litawekewa pingamizi. Na nje ya geti kutakuwa na watu. Mimi siwezi kumshika kila mmoja mkono."

"Ni raia," nikasema. "Baba yake alikuwa wa hapa."

"Watu hawaulizi baba. Wanasikia jina." Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha zaidi.

Nilishona pindo, nikapiga pasi, nikamkunjia. Akatoka. Na nilipomkabidhi ule mfuko nilimwambia asante. Jambo hilo naliona haya mpaka leo. Alikuja kumtishia mwanangu, nami nikamshukuru.

Jioni ile, binti yangu alipokwenda kuoga, nilifungua mkoba wake nikatoa kitambulisho. Ni kadi ngumu, ndogo, yenye picha yake akiwa amekaza midomo asicheke. Nilichukua joho moja la kwaya, nikafumua bitana upande wa kifua, nikaingiza kadi, nikashona tena kwa mkono, mishono midogo isiyoonekana. Kisha nikalikunja joho na kuliweka katikati ya rundo. Sikujiuliza nitasema nini asubuhi. Nilichofikiria ni kwamba bila kadi hawatamruhusu, na akikosa kuruhusiwa atarudi nyumbani, na akiwa nyumbani yuko mbali na lile geti.

Asubuhi aliamka mapema kuliko mimi. Nilimsikia akifungua mkoba, kisha kabati, kisha akimwaga vitabu kitandani. Nilijifanya nachemsha maji.

"Mama, umeona kadi yangu?"

"Haipo kwenye mkoba?"

"Ingekuwa kwenye mkoba ningekuuliza?"

Alitafuta tena. Alitazama chini ya godoro. Alikwenda gereji akafungua madroo, nikasikia bobini za uzi zikimwagika sakafuni. Aliporudi alisimama mlangoni, akanitazama mgongoni, maana nilikuwa sijageuka. Kutogeuka kule ndiko kulikonisaliti.

"Mama," akasema. Halafu akasema kwa Kiswahili, taratibu, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe: "Nipe kitambulisho yangu."

Alikosea ngeli. Sikumsahihisha. Sikumbuki mara nyingine katika maisha yake aliponipa sentensi nzima ya Kiswahili, na aliyonipa ilikuwa hiyo.

"Watakuumiza," nikasema.

"Labda." Alirudi kwenye Kiingereza. "Tangu nina miaka kumi nakusindikiza ofisi ya wakimbizi. Mimi ndiye niliyekuwa nasoma fomu zako. Mimi ndiye niliyebeba karatasi zako zote kwenye begi langu la shule ili zisilowe. Niliwahi kuificha hata moja?"

Nilikuwa nimesimama na kikombe. Nilikiweka chini. Nilikwenda gereji, naye akanifuata, nikatoa joho kwenye rundo, nikafumua mishono yangu. Nilikuwa nimeishona vizuri mno. Ilichukua muda, na muda wote huo alisimama pale bila kunisaidia. Nilipompa kadi aliifuta kwenye suruali yake, akaitia mfukoni, akatoka. Nilivaa viatu nikamfuata.

Hakunikataza. Tulipandisha mtaa pamoja, hatua mbili kati yetu. Kituo chetu kilikuwa shule ya msingi iliyo kileleni, yenye uzio wa waya. Nje ya geti vyama vilikuwa vimeweka meza zao na miavuli. Wale wa fulana nyeusi walikuwa upande wa kushoto, wengi kuliko nilivyotarajia, wakiimba. Wimbo ulipungua tulipokaribia. Mtu mmoja alisema jambo kwa Kizulu ambalo nililielewa na sitaliandika. Binti yangu alikwenda moja kwa moja. Askari wa getini alitazama kadi yake, akamwacha apite. Mimi akanizuia kwa kiganja.

"Unapiga kura, mama?"

"Hapana. Ni mama yake."

"Basi subiri ng'ambo ya barabara."

Nilivuka, nikasimama mahali ambapo kupitia uzio niliweza kuona mlango wa darasa lililotumika. Foleni ilikuwa fupi. Nilimwona akiingia. Nilianza kuhesabu kimoyomoyo, maana niliambiwa haichukui muda: wanatafuta jina kwenye daftari, wanakupaka wino kidoleni, wanakupa karatasi. Mtu aliyekuwa nyuma yake alitoka. Na wa nyuma ya huyo akatoka. Yeye hakutoka.

Kisha nikamwona. Walimleta barazani, wakamkalisha kwenye kiti cha watoto wa darasa la kwanza, kidogo hata magoti yake yakapanda juu. Mwanamke mwenye beji ya wakala wa wale wa fulana nyeusi alikuwa anaongea huku ananyoosha kidole kwenye karatasi. Mwanamume mwenye miwani, msimamizi wa kituo, alikuwa anasikiliza. Sikusikia hata neno moja. Niliona midomo tu.

Fundi wa friji alivuka barabara akaja kusimama kando yangu. Leo alikuwa na fulana nyeusi.

"Nilikwambia," akasema.

"Ulinimbia," nilijibu, na ulimi ukanikwaza kwa hofu, nikarudia. "Ulinambia. Nimekusikia."

"Sasa kwa nini umemleta?"

"Sikumleta. Amekuja." Na kwa kuwa sikuwa na kitu kingine mkononi, niliongeza: "Mtoto wako akitimiza miaka kumi na minane, nani atasimama hapa kumzuia?"

Alitazama uzio. Wale wa upande wa pili walikuwa wamegundua kinachoendelea barazani, wakaanza kusogea getini na wimbo ukapanda. Askari wa pili alitoka kwenye gari. Nilishika waya wa nguzo ya simu iliyokuwa karibu.

Gogo alifika wakati huo, kwenye koti lake la buluu. Alikwenda barazani. Nilimwona msimamizi akimnyooshea kiganja kama askari alivyoninyooshea mimi, naye akarudi nyuma hatua mbili, akasimama na mikono nyuma. Baadaye aliniambia msimamizi alimwambia, "Mama, wewe ni mgombea, ukisema neno moja hapa nitakutoa nje." Akanyamaza. Kwa Gogo hiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko kampeni yote.

Kilichosemwa pale barazani nilisimuliwa na binti yangu siku hiyo hiyo. Wakala alidai mwenye jina lile hawezi kuwa raia. Msimamizi alimuuliza ana ushahidi gani. Akasema jina. Msimamizi akauliza tena, ukiacha jina. Wakala akasema kila mtu anamjua mama yake, ni Mkongo. Msimamizi akafungua kitabu cha maelekezo, akakisoma kurasa mbili kwa kidole, bila haraka, huku wimbo ukizidi nje. Akamuuliza binti yangu anakaa wapi, amezaliwa wapi, ana kitambulisho gani. Binti yangu akajibu yote kwa Kizulu. Msimamizi akaijaza fomu ya pingamizi, akaandika sababu za kulikataa, akamwambia wakala atie saini kwamba amesikia. Wakala alitia saini akiwa amevimba. Kisha msimamizi akamwambia binti yangu, "Samahani kwa kiti hicho. Simama, twende."

Mimi niliona tu akisimama, akipotea ndani ya mlango. Safari hii hakuchukua muda.

Kutoka mlangoni hadi getini ni kama hatua hamsini. Alizitembea kama mtu anayetoka dukani. Wale wa fulana nyeusi walikuwa wameacha nafasi nyembamba katikati yao, na askari wawili walikuwa pembeni. Alipofika katikati, mmoja akampigia kelele: "Umempigia nani?"

"Ni siri," akasema binti yangu, kwa sauti ya kawaida. Mwanamke mmoja wa kundi lile lile akacheka, si kwa ubaya, kicheko kilichomtoka tu, na wale waliokuwa karibu naye wakampisha. Akapita. Alivuka barabara, akaja mbele yangu, akanionyesha ukucha wa kidole gumba cha kushoto wenye wino. Fundi wa friji alikuwa bado kando yangu. Aliuangalia ule ukucha, kisha akavuka kurudi kwa watu wake.

Tulishuka mtaa. Nilitaka kumshika mkono, nikaogopa atautoa.

Asubuhi ya pili matokeo yalikuwa yamebandikwa kwenye mlango wa darasa. Binti yangu alikwenda kuyasoma akarudi na picha kwenye simu. Katika shule yetu Gogo alikuwa ameongoza. Lakini kata ina vituo vingi, na kwa jumla alikuwa wa tatu. Yule wa kuwarudisha wageni makwao alikuwa wa pili, na pengo kati yake na mshindi lilikuwa dogo kiasi cha kututia baridi. Mshindi alikuwa mgombea wa chama cha yule marehemu, mwanamume mpole aliyewahi kuwa mwalimu, ambaye hatukuwa tumemfikiria kabisa.

Gogo alijifungia siku mbili. Siku ya tatu alitoka, akaniletea koti. "Rudisha mabega," akasema. "Nimeanza kula." Nikamwambia nguo niliyokwisha kuikata haiwezi kurudi. Akasema basi atavaa hivyo hivyo.

Warundi hawakurudi. Walipata chumba huko huko Newtown. Fundi wa friji naye hakuniletea kazi tena. Sare za mwaka uliofuata zilishonwa kwingine, na tukikutana njiani ananisalimia kwa kichwa, nami namjibu kwa kichwa. Gereji yangu haikuguswa. Kwa miezi kadhaa niliendelea kulala na viatu karibu na kitanda.

Kati yangu na binti yangu kupona kulichukua muda zaidi. Hakunigombeza. Ila wiki ile ile nilitambua kwamba kadi yake haipo tena chumbani, wala cheti chake cha kuzaliwa. Alikuwa amempa Gogo amwekee kwenye kabati lake la chuma. Nilimuuliza mara moja tu.

"Ziko salama kule," akasema.

"Na hapa?"

"Mama, hapa kuna wewe." Akaniangalia kuona kama nimeumia. Niliumia. Nilimwambia nimekosa, sikumwambia niliogopa, maana kuogopa alikuwa anakujua. Alisogea akanisaidia kukunja majoho. Karatasi hazikurudi chumbani mwaka ule.

Diwani wa nne aliitisha mkutano wa wakazi kwenye ukumbi wa kanisa, Jumamosi mchana. Sikuwahi kuhudhuria mkutano kama huo. Nilikaa safu ya nyuma, binti yangu kando yangu. Watu waliuliza habari za umeme, za wizi wa nyaya. Nami nilikuwa na neno: kwenye njia panda chini ya shule robot, yaani taa za kuongoza magari, ilikuwa imekufa tangu masika, na watoto wanavuka kwa kukimbia kati ya magari. Nilinyoosha mkono kabla sijabadili nia. Nikasimama, nikaeleza kwa Kizulu changu. Vichwa viligeuka. Mtu wa mbele akasema, "Huyo ni mpiga kura wa wapi?"

"Sipigi kura," nikasema. "Ninakaa mtaa wa tatu kutoka hapa. Nimekaa miaka kumi na mitano. Nawaona wale watoto kila siku."

Kulikuwa na manung'uniko. Diwani alisubiri yapungue, kisha akauliza robot ni ya kona ipi hasa. Nikamtajia. Aliandika. Sikukaa haraka, na binti yangu akanivuta kidogo kwenye sketi nikae.

Ilitengenezwa baada ya miezi miwili. Sijui kama ni kwa sababu yangu. Gogo anasema yeye aliandika barua tatu. Uchaguzi mkuu wa halmashauri unakuja tena, na picha zimeanza kupanda kwenye nguzo. Juzi binti yangu alirudi akaniambia ameomba kazi ya siku moja, ya kukaa mezani na daftari la wapiga kura na kutafuta majina. Nilimuuliza kituo gani. Akasema bado hawajamwambia. Nikaendelea kushona, kwa mwendo wa polepole, nikimsikiliza.